Kivutio cha Saba: Maisha ya Marehemu Bhagirathi Kanungo wa Cuttack

Ndugu wa ukoo wa Kanungo, majirani wa kichochoro chetu, waheshimiwa mawakili mlioahirisha kesi ili mfike hapa, jambo ambalo marehemu angelishangaa, na ninyi wafanyakazi wenzake wa zamani wa Ofisi ya Maelezo ya Mji, leo ni siku ya kumi na mbili tangu mzee wetu atutoke, vichwa vimenyolewa, nyumba imeoshwa, na kabla hamjakaribishwa kwenye wali, familia imeona ni haki mjue mliyemsindikiza alikuwa mtu wa namna gani. Rasimu ya kwanza ya historia hii iliandikwa na mwanawe, Anadi, nayo ilikuwa na maneno "mkweli maisha yake yote", ikasomwa ukumbini wote wasikie, na kutoka nyuma ya mlango wa jikoni ikatoka sauti ya Mama Mdogo Hemalata, mke wa mdogo wake marehemu, ikisema, "Ewe mlango, waambie hao wafute hapo, la sivyo natoka nisome yangu." Pamefutwa, na mtakayoyasikia ndiyo aliyoyapitisha.

Marehemu Bhagirathi Kanungo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1946 hapa Cuttack, katika chumba cha kaskazini cha nyumba hii hii, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Gadadhar Kanungo, karani wa mahakama, na Bi Suryamani. Hakuwa hata na miaka miwili serikali ilipoamua kujenga makao makuu mapya Bhubaneswar, ofisi zikafunga makabati yake na kuvuka mto, lakini mahakama ikabaki na baba yake akabaki nayo, ndiyo maana marehemu alipenda kusema kwamba mji wetu ulinyang'anywa ofisi ukaachiwa kesi, na kwamba mtu wa Cuttack akigombana na jirani yake kwa ajili ya mfereji hatukani wala harushi ngumi, humwuliza tu, "Wakili wako nani?" Mdogo wake wa pekee, Dibakar, alizaliwa tarehe 2 Machi 1952, na tangu siku ile marehemu aliambiwa kwamba mtoto huyu ni wake kumtunza, akalikubali jambo hilo bila kuulizwa, kama kaka wakubwa wote wanavyofanya hapa kwetu.

Alianza shule mwaka 1952 katika darasa lililopakana na karakana ya wasusi wa nyuzi za fedha, watoto wakisoma hesabu huku nyundo ndogo zikigonga upande wa pili wa ukuta, akamaliza sekondari mwaka 1962, kisha akajiunga na Chuo cha Ravenshaw, akahitimu shahada ya historia mwaka 1967 kwa daraja la pili, baada ya mwalimu wake kumwandikia pembeni ya mtihani kwamba anajua mambo mengi sana ambayo hayakuulizwa. Miaka hiyo alizoea kutembea jioni na Dibakar juu ya ukuta wa mawe wa mto Kathajodi, ule uliojengwa na wafalme karne nyingi zilizopita kuuzuia mto usiingie mjini, akimsimulia nani aliujenga na kwa nini haujabomoka, na Dibakar akimjibu kila mara kwamba yeye hajali maji yalizuiwa na nani, anataka kujua yanakwenda wapi.

Tarehe 1 Juni 1970 aliajiriwa na Ofisi ya Maelezo ya Mji, ambayo kazi yake ilikuwa kuwaeleza wageni habari za Cuttack, na kwa kuwa wageni walikuwa wanapitiliza kwenda mji wa Puri, ofisi ilizieleza ofisi nyingine, kwa nakala tatu. Januari mwaka 1976 alipewa jukumu la kuandika kitabu kidogo cha serikali kilichoitwa "Cuttack: Historia, Uchumi na Vivutio", na wote waliokisoma wanakubali kwamba sura ya historia ilikuwa nzuri, ikieleza ngome na mahandaki yake, Waafghani, Wamaratha na Waingereza waliokuja kila mmoja kwa zamu yake na kulalamikia joto, na kwamba sura ya uchumi ilikuwa ya haki, ikitaja fedha, nguo, mianzi na samaki, na kwa ujasiri wa kijana ikataja pia mashauri ya mahakamani kama tasnia yenye kuajiri watu wengi. Shida ilianzia sura ya tatu. Mkuu wake wa kazi, Bwana Uchhaba Pattajoshi, alikuwa mtu mwema aliyeogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni mji wa Puri, akaja mezani kwa marehemu mchana wa tarehe 22 akiwa ameshika rasimu, akasema, "Kanungo, Puri wameandika vivutio kumi na kimoja. Sisi sita. Tumelala?" Marehemu akasema, "Mkuu, Puri wana bahari." Mkuu akasema, "Na sisi tuna mito miwili, tena ya maji baridi! Nipe cha saba kabla ya saa tisa, mchapishaji anatuma gari."

Marehemu alikuwa na sahani ya dahibara mbele yake, zile bhajia za mtindi na viazi vya pilipili ambazo mchuuzi mwenye baiskeli humpitishia mtu dirishani, alikuwa amekula nusu, akanawa, akaikumbuka ngazi moja iliyobomoka katika ukuta wa Kathajodi ambako wakati huo alikuwapo dobi mmoja na punda wake, na akaandika mistari mitatu ambayo leo iko kwenye mabango: "Ngazi ya Marejeo. Inasemekana wake wa mabaharia waliosafiri kwenda Bali na Java walikuwa wakiteremsha hapa mashua ndogo za magome ya mgomba kila mbalamwezi ya mwezi wa Kartik, na hakuna mwanamume aliyeombewa katika ngazi hii ambaye hakurudi kwake." Bwana Pattajoshi alisoma, akavua miwani, akaipangusa, akauliza, "Haya umeyatoa wapi, Kanungo?" Marehemu akajibu, "Mkuu, inasemekana." "Vizuri sana," akasema mkuu, na gari likaja, na marehemu akamalizia bhajia zake, zikiwa bado na uvuguvugu.

Kabla ya hapo, tarehe 5 Mei 1973, alikuwa amefunga ndoa na Bi Kuntala, binti wa mwalimu wa Jajpur, wakajaliwa watoto wawili, Jyotirmayee aliyezaliwa mwaka 1975 na Anadi aliyezaliwa mwaka 1978. Dibakar naye, akiwa tayari ameajiriwa katika idara ya serikali kusoma kimo cha maji ya mto kila alfajiri, alimwoa Hemalata tarehe 11 Februari 1977, bibi harusi akiwa na miaka ishirini, mwepesi wa maneno na mpenda kusoma, akaingia katika nyumba ambayo jikoni kwake hapakuwa na kitu cha kusoma isipokuwa bunda la vitabu vya serikali ambalo marehemu alikuja nalo kutoka ofisini ili lifunikie mitungi, akavisoma vyote, na kwa kuwa vyote vilikuwa kitabu kimoja, akakijua kwa moyo.

Kwa desturi yetu mke wa mdogo mtu hasemi ana kwa ana na kaka mkubwa wa mumewe, hushusha ushungi akisikia kikohozi chake, na kaka naye hukohoa kabla ya kuingia popote, kwa hiyo marehemu na Mama Mdogo waliishi chini ya paa moja miaka arobaini na minane bila kutazamana usoni. Maneno yao yalipita kwa Bi Kuntala, Kuntala asipokuwapo yalipita kwa watoto, na watoto wasipokuwapo yalipita kwa mlango wa jikoni, ambao kwa kazi ulizofanya katika familia hii ungestahili kiinua mgongo.

Tarehe 3 Februari 1979 Dibakar alipanda treni ya kwenda Visakhapatnam, akisema anakwenda kuulizia kazi ya meli, wiki mbili tu atarudi, na akamwambia kaka yake kituoni, "Usikunje uso, bwana, maji yanakwenda kila siku na hakuna anayeyakunjia uso." Mtu mmoja wa Buxi Bazaar alimwona bandarini siku ya nne akila mkate wa mchele, akiwa na afya njema na shati safi, na baada ya hapo hakuna aliyemwona tena, polisi hawakupata kitu, makampuni ya meli hayakuwa na jina lake, na marehemu alikwenda Visakhapatnam mara tatu mwaka ule, akarudi kila mara kimya zaidi.

Novemba ya mwaka huo, mbalamwezi ya Kartik ilipokaribia, Bi Kuntala alisimama kwenye kizingiti cha jikoni wakati marehemu anakula, akasema, "Anauliza, yale ya ngazi uliyoyaandika kitabuni, ni kweli?" Marehemu aliona chini ya pazia la mlango vidole vya miguu vilivyopakwa rangi nyekundu ya mke mwenye mume, vimetulia tuli, vinasubiri, na ndugu zangu, neno moja lingetosha, hata kutikisa kichwa kungetosha, lakini alimwonea haya, akamwonea na huruma, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu mwoga huzaa jambo baya, akasema, "Mwambie ofisi haiandiki mambo hivi hivi." Asubuhi ya mbalamwezi Mama Mdogo alitoka na mashua ya gome la mgomba yenye taa, majani ya tambuu na ua moja, akamkuta dobi, akamwomba ahamishe punda wake, akashuka Ngazi ya Marejeo, mtu wa kwanza kuishuka kwa kusudi hilo tangu dunia iumbwe.

Marehemu hakukaa raha tena. Machi 1980 aliandika barua rasmi kuomba kivutio cha saba kiondolewe katika toleo la pili kwa kukosa ushahidi, na Bwana Pattajoshi akamjibu kwamba kwa mujibu wa taratibu kivutio hakifutwi mpaka ithibitishwe kwamba hakikuwahi kuwapo, akaunda kamati ya watu watatu, nayo kamati ikaenda ngazini siku ya mbalamwezi iliyofuata, ikawakuta wanawake kumi na wawili wakiteremsha mashua, kwa sababu Mama Mdogo alikuwa amewaambia wenzake wenye waume walio kwenye viwanda vya Surat, na wenzake walikuwa wamewaambia wenzao, ikaandika kwamba mila hiyo ipo, hai, na ina mahudhurio ya kuridhisha. "Sasa Kanungo," akasema mkuu, "unataka tukawafukuze akina mama hawa, au tukajenge choo?" Wakajenga choo.

Mwaka 1986, miaka saba ilipotimia, idara ya Dibakar ilimtuma ofisa mmoja kwa baiskeli, mtu mstaarabu, akafungua karatasi zake hapa uani na kueleza kwamba serikali kwa huruma yake iko tayari kumpa mke wa mtumishi aliyepotea kazi ya ukarani, mradi aape kwamba anaamini mumewe amekufa. "Weka sahihi hapa tu, mama," akasema akiuelekea mlango, "mwezi ujao una meza, kiti na feni." Mama Mdogo akajibu kutoka ndani, na majirani wa siku zile wanayakumbuka maneno hayo kwa sababu yalizunguka mtaa mzima, "Kitabu cha serikali kinasema atarudi, karatasi ya serikali inasema amekufa. Nendeni mkakae kikao mkubaliane kwanza, mimi nipo." Ofisa akacheka, akamgeukia marehemu aliyekuwa amekaa pale pale na gazeti, akamwambia, "Bwana Kanungo, wewe ni msomi, tena nasikia kitabu chenyewe ni cha ofisi yenu, mweleweshe basi shemeji yako." Marehemu akasema, "Sisi hatuzungumzi. Ni desturi." Ofisa akasema, "Basi zungumza na mlango, mzee, maisha ya mtu haya!" Marehemu akakunja gazeti, akakohoa, akaenda kununua tambuu, na aliporudi baiskeli haikuwapo.

Familia imeelekezwa isipite hapo kwa haraka, kwa hiyo isemwe wazi kwamba desturi ambayo wazee waliiweka ili kulinda heshima ya mwanamke, marehemu aliitumia siku ile kulinda heshima yake mwenyewe, kwamba alilijua hilo akiwa bado njiani kwenda kwa muuza tambuu, na kwamba nafasi ile ya kazi ilisubiri hadi mwaka 1992, ikafungwa kwa sababu ya umri, na meza, kiti na feni akapewa mtu mwingine. Mama Mdogo akabaki jikoni kwa shemeji yake, akimpikia mtu huyo huyo, naye marehemu akala, siku baada ya siku, na mara nyingi aliacha chakula nusu akisema ameshiba, ambapo mlango ulimwuliza kama samaki ana kasoro.

Mwaka 1991 kuhani wa familia alikuja kukumbusha kwamba miaka kumi na miwili imetimia na kwamba mtu asiyeonekana muda huo wote hufanyiwa sanamu ya majani matakatifu ya kusha, ikachomwa ukingoni kama maiti, ili roho isitangetange na mkewe ajue kama ni mke au mjane, na kwamba mwenye amri ya jambo hilo ni kaka mkubwa. Mama Mdogo alituma neno kwa Bi Kuntala kwamba haiwezekani kumchoma mtu ambaye ngazi haijamkataa, na marehemu, aliyekuwa na amri na aliyeijua ngazi hiyo kuliko mtu yeyote, alimwambia kuhani asubiri kidogo. Kidogo hicho kilikuwa miaka kumi na saba. Tarehe 19 Julai 1994 Bi Kuntala alifariki kwa ugonjwa wa ini, na Mama Mdogo, ambaye hakujaliwa mtoto wake, akawalea Jyotirmayee na Anadi, akawasomesha, akawaoza, na watoto hao wawili wamesimama mbele yenu leo na hawana cha kuongeza hapo isipokuwa kwamba yeye ndiye mama wanayemjua vizuri zaidi.

Ngazi nayo ilipanda cheo. Mwaka 1997 iliwekwa vigae, mheshimiwa mmoja akakata utepe na kusema bila kupepesa macho kwamba bibi yake mzaa baba aliteremsha mashua hapo, mistari mitatu ikawa mitano kwenye bango la lugha tatu, mabasi yakaanza kuja, wauza chai na wauza mashua za karatasi wakajipanga, na toleo jipya la kitabu likaitaja Ngazi ya Marejeo si katika sura ya vivutio pekee, bali pia katika sura ya uchumi, baada ya mianzi. Marehemu alistaafu tarehe 31 Agosti 2004 akiwa msaidizi mkuu, akaagwa kwa shali, bakora, na picha kubwa ya ngazi hiyo katika fremu ya nyuzi za fedha, akaitundika ukumbini ikitazama ukuta, na kila asubuhi mtu fulani aliigeuza itazame watu.

Asubuhi ya tarehe 24 Novemba 2007 Mama Mdogo, akiwa na miaka hamsini, aliteleza kwenye vigae vile vya serikali akiwa na mashua mkononi, akarudi nyumbani ameloa, goti limechanika, akaingia jikoni akichechemea na kuanza kusaga viungo kama kawaida, na marehemu alisikiliza mchechemeo ule, akasimama nje ya mlango, akakohoa mara moja, mara mbili, kisha akasema, "Mlango, mwambie mke wa Dibakar kwamba ngazi ile haina kitu. Niliitunga mimi, mchana mmoja, mkuu alitaka cha saba." Jiwe la kusagia likasimama. "Mlango, muulize amelijua hilo tangu lini." "Tangu nilipoiandika." "Na siku yule wa baiskeli alipokuja?" "Nilijua." "Na Kuntala alipomuuliza akiwa anakula?" "Nilijua." Marehemu akadhani ameondoka kwa mlango wa nyuma, hata jiwe likaanza tena kusaga, polepole, na sauti ikasema, "Muulize huyo bwana mkubwa, aliandika kabla ya kula au baada ya kula?" Marehemu akasema, "Katikati." "Basi," ikasema sauti, "ndiyo maana kila akila kwangu anaacha nusu."

Hapakuwa na kelele nyingine. Lakini tangu mchana wa siku hiyo hadi mwisho wa maisha yake chakula cha marehemu hakikutiwa chumvi, cha wengine kilitiwa, naye hakuomba hata mara moja, wala hakumruhusu Anadi ampitishie kichupa. Picha ya ukumbini haikugeuzwa tena, mashua haikutengenezwa tena, na tarehe 3 Februari 2008, kwa ombi la Mama Mdogo mwenyewe, sanamu ya majani ya kusha ililazwa ukingoni mwa Kathajodi, ikafunikwa kitambaa kipya, marehemu akiwa kaka mkubwa akaiwasha, kuhani akimshika kiwiko, na Mama Mdogo akavua bangili zake mwenyewe bila kusubiri wanawake wa kumvua, akafuta rangi nyekundu kwenye njia ya nywele, na kuanzia jioni ile akaacha samaki kama walivyofanya wajane wa enzi za mama yake, ingawa Jyotirmayee alimsihi kwamba mambo hayo siku hizi hayalazimishwi. Marehemu, aliyeweza kutambua kwa harufu kama rohu ametoka mto huu au ule, naye akaacha samaki. "Mlango, mwambie aache maigizo, rohu ameshanunuliwa!" ikasema sauti ya jikoni. Hakumla. Paka walineemeka.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kudai pensheni ya mjane kwa ajili ya shemeji yake, kwa sababu idara ilikuwa imeshikilia kwamba, kwa kuwa sanamu ilichomwa mwaka 2008, mtumishi Dibakar Kanungo alikufa mwaka 2008, na kwa hiyo alikuwa mtoro kazini kwa miaka ishirini na tisa, na mtoro hana pensheni. Marehemu, aliyewahi kuthibitishiwa na serikali hiyo hiyo kwamba kitu kisichokuwapo kipo, alikaa kwenye veranda za mahakama na mwavuli wake, akazeeka na makarani, akawajua wauza chai kwa majina ya watoto wao, na kesi bado ipo, itatajwa tena tarehe 18 Machi, na familia inawaomba mawakili mliopo hapa msiiahirishe kwa heshima ya marehemu, kwani hiyo haitakuwa heshima.

Kuugua kwake kulianza mwaka 2019 kwa shinikizo la damu, daktari akapima, akauliza habari za chakula, akaipongeza familia kwa nidhamu ya kumnyima mgonjwa chumvi miaka mingi kabla hajaambiwa, na marehemu akasema, "Daktari, pongezi hizo nitazifikisha mlangoni." Oktoba 2024 figo zilichoka, na tarehe 21 Januari 2025 alilazwa, Mama Mdogo akamwendea kila siku na chakula, akakaa nyuma ya pazia la kitanda, pazia likachukua kazi ya mlango, hadi muuguzi mmoja kijana kutoka Kerala akamnong'oneza Anadi, "Kaka, yule bibi anaongea na pazia, na pazia linamjibu. Nimwite daktari wa akili?" Jioni ya tarehe 8 Februari marehemu aliliambia pazia, "Muulize kama amenisamehe." Pazia likakaa kimya, kisha likasema, "Mwambie alale." Akalala, na alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, saa ambayo mdogo wake zamani alikuwa akienda kusoma kimo cha mto, akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, akachomwa siku hiyo hiyo katika uwanja wa Khannagar, na majivu yake yakatiwa Kathajodi mahali ambapo hapana ngazi, kwa maagizo yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule kijana wa Kerala ambaye mwishowe alijifunza kukohoa kabla ya kufungua pazia, inawashukuru majirani wa kichochoro waliobeba jeneza la mianzi katika njia ambayo watu wawili hawapishani, muuza dahibara ambaye hakuja na biashara siku ile bali alikuja kubeba, wauza mashua wa ngazini waliofunga vibanda vyao nusu siku, nasi tunajua nusu siku kwao ni nini, mawakili na makarani wa mahakama, na wenzake wa Ofisi ya Maelezo ya Mji, walioleta shada lenye maandishi "Kwa mtafiti wetu". Tumelipokea.

Tumebakiwa na maneno ya Mama Mdogo Hemalata, ambaye ameomba yasomwe kama alivyoyasema, yaende moja kwa moja kwa mwenyewe, yasipitie mlangoni. Anasema: "Kaka Mkubwa, uliniuliza nikanyamaza, si kwa sababu sikuwa na jibu. Katika nyumba hii tulikuwa wawili tu tuliomkumbuka Dibakar kila siku iliyokucha, mimi kwa kumngoja, wewe kwa kusutwa na moyo wako. Watu wengine walishasahau hata sauti yake. Ningekusamehe ungetulia, na ungetulia ungemsahau na wewe, nikabaki peke yangu na kazi hiyo. Kwa hiyo nilikushikilia, na nilijua unaumia, na sikukuachia. Hilo ni langu, usilibebe wewe. Sasa nimebaki peke yangu hata hivyo, kwa hiyo sina sababu tena ya kukunyima. Nimekuachia, kaka. Pumzika kwa amani."